Mawe ya Baba kwenye Buti

"Nani kakutuma ushushe mawe yangu? Ee? Mnaihangaikia gari kama mnampamba bibi harusi, halafu kitu cha maana kuliko vyote mnakitoa!"

Huyo baba. Kasimama mlangoni mwa banda, gambuti miguuni, kipande cha mkate mkononi, ananifokea wakati mimi nimelala chali chini ya gari na mgongo umeshaanza kugandana na sementi. Julai hiyo, kilele cha baridi huku kusini mwa dunia. Bonde lote la Maniototo jeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda, mpaka waya za ua zimeota ndevu.

"Sijayatupa," nikasema. "Nimeyasogeza tu. Yapo ukutani hapo."

"Umeyalaza ubavu! Jiwe halilazwi ubavu, Euan. We umezaliwa huku au tulikuokota?"

"Tulimwokota," mama akajibu toka dirisha la jikoni. "Angekuwa wako angekuwa kiziwi kama wewe. Nimekwambia tangu asubuhi, mimi ndiye niliyemtuma. Mawe hayapandi gari kesho."

Baba akaanza kutafuna. Akisemwa na mama huwa anatafuna polepole, kama ng'ombe anayesikiliza mvua.

Haya mawe ni ya kuchezea. Ya duara, mazito, yamesuguliwa mpaka yanang'aa, kila moja lina mpini juu kama birika. Bwawa likiganda, wanaume wa huku wanayasukuma juu ya barafu, wengine wanakimbia mbele wakifagia kwa mafagio ili jiwe liende mbali, na wote wanapiga kelele kama nyumba inaungua. Timu ya baba ni ya watu wanne, kila mtu ana mawe yake mawili, na baba ndiye mtunzaji wa yote. Anayatunzia kwenye buti ya gari yetu. Tangu Juni mpaka baridi iishe. Kwa nini? Kwa sababu bwawa halitoi taarifa. Linaweza kukaa miaka bila kuganda vya kutosha, halafu asubuhi moja simu inalia kabla ya jua, "Struan, ipo!", na hapo ni kuvaa suruali na kuondoka. Ukianza kutafuta mawe, ukifika umekuta barafu imeshatoa jasho.

Kwa hiyo gari ya familia, Corolla ya mama kwa majina na ya baba kwa mabavu, inatembea msimu mzima wa baridi imekalia makalio. Ukiitazama kwa mbele utadhani inaota jua. Taa zinamulika bundi.

Sasa kesho yake mama alikuwa na miadi ya hospitali mjini Dunedin. Macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limeshakuwa kama kioo cha bafuni. Mama ndiye aliyekuwa dereva wa basi la shule bondeni kwetu. Watoto wote wa huku, na baadhi ya baba zao, amewahi kuwafuta kamasi. Macho yalipoanza, akaweka ufunguo mezani mwenyewe kabla hajaambiwa. Basi likapewa kijana mmoja toka Ranfurly, "kwa muda". Na neno "muda" lina tabia ya kurefuka. Mwaka uliopita mama alipata nafasi ya kupasuliwa, tukaondoka, baba kashika usukani, mawe nyuma, na kwenye kilima cha kutokea bondeni tukageuka mara moja na nusu kama wacheza dansi, tukaingia mtaroni. Nafasi ikapita. Safari hii mama alisema akikosa tena, haombi tena. Atakaa jikoni asikilize basi lake likipita.

Alisema hivyo bila kulia. Ndiyo maana niliogopa.

Nikaamua gari nitaiandaa mimi. Nimeacha shule kidato cha tatu, nimekata kondoo manyoya, nimechuma cheri, nimefukuzwa kazi mara nyingi kuliko nilivyoajiriwa, lakini gari naijua. Nilishabadilisha betri, maana ile ya zamani asubuhi za sakitu ilikuwa inakohoa kama mvuta kiko. Nilishatia dawa kwenye maji ya rejeta yasigande. Waipa mpya. Kwenye chupa ya maji ya kioo nilikuta barafu tupu, nikaiyeyusha nikatia spiriti. Matairi nilishayapima kina cha meno. Nilikuwa nimebakiza cheni za kufunga kwenye matairi ili yaume theluji.

"Cheni hizo nyembamba kama mkufu wa mwanamke," baba akasema. "Zangu zipo wapi?"

"Zako za greda, baba. Tairi la greda linakufika kifuani."

"Tungezikata."

Siyo kwamba baba hajui theluji. Hilo ndilo linalochosha. Jina lake Struan Petrie, na maisha yake yote ya kazi aliendesha greda la wilaya. Theluji ikianguka, watu wengine walivuta blanketi, yeye alivuta suruali. Hakuna nyumba bondeni ambayo hajawahi kumtoa mtu wake mtaroni. Anajua barafu ya kwenye daraja huja kabla ya barafu ya barabarani. Anajua usivute breki ya mkono usiku, asubuhi utaikuta imeshika haiachii. Anajua ukimwaga maji ya moto kwenye kioo kilichoganda utakusanya vipande. Vyote kweli. Halafu katikati ya hivyo vya kweli anakuchomekea upuuzi, kwa sauti ileile, na huwezi kujua mpaka umeuvuka saa ngapi.

"Cheni unafunga matairi ya nyuma," akasema.

"Ya mbele, baba."

"Ya nyuma! Farasi anasukuma kwa miguu gani?"

"Hii siyo farasi. Injini inazungusha matairi ya mbele. Ya nyuma yanafuata tu, kama mkokoteni."

"Greda linasukuma nyuma."

"Hii siyo greda pia!"

"Uzito nyuma, cheni nyuma, mguu mwepesi. Nilipanda kile kilima kwa gari yangu ya kwanza siku ambayo hata mbwa walikaa nyumbani. Mawe kwenye buti. Muulize mama yako alikuwa wapi siku hiyo. Muulize!"

Sikuhitaji kumuuliza, nimeisikia hadithi hiyo kuliko sala. Mama na babu walikuwa wamekwama katikati ya kilima, baba akapita na ile gari yake ya zamani, ambayo kweli ilisukuma kwa matairi ya nyuma, mawe yakiikandamiza chini, akasimama, akafungua mlango, akasema "Panda." Na mama akapanda. Kwa hiyo kichwani mwa baba mawe ndiyo yaliyomletea mke.

"Nilipanda kwa sababu ya baridi," mama akasema dirishani. "Ningepanda hata toroli."

Nikasema sawa, tumalize ubishi kwa vitendo. Nyuma ya banda la manyoya tuna kimteremko kisichopata jua, kina ganda la barafu toka Juni. Nikamwambia baba apakie mawe yake, tupande. Tukapakia. Nikaingiza gia, nikaachia klachi kama naachia yai. Gari ikasogea kidogo, pua ikainuka, matairi ya mbele yakaanza kuzunguka palepale, yakilia kama nguruwe. Tukarudi nyuma taratibu mpaka tukaegemea tangi la maji la kondoo.

Tukashusha mawe. Nikajaribu tena. Ikasuasua, ikateleza kidogo, ikapanda mpaka juu.

Nikatoka, nikamtazama baba. Nilidhani huu ndio mwisho wa maneno.

Akapiga tairi teke. "Umeona? Mara ya kwanza tulishalainisha njia."

Jamani.

Jioni akaja Wattie. Wattie ndiye nahodha wa timu, mzee mrefu mwembamba, pua yake inadondosha majira yote. Alitoka bwawani moja kwa moja, mbwa wake Meg nyuma ya pikapu. Nahodha kazi yake msimu wa baridi ni kwenda bwawani kila siku na kutoboa tundu ili apime unene wa barafu, halafu anazunguka nyumba za watu akitoa taarifa kama daktari wa wajawazito.

"Bado kidogo," akamwambia baba kwa kunong'ona. "Usiku huu ukiwa mkavu bila upepo, bwana Struan, mimi sisemi kitu. Ila lala karibu na simu."

Baba akaangalia mbingu. Mimi nikaangalia baba. Nilimwona moyo ukimwenda mbio kama kijana.

"Wattie," mama akaita, "ingia unywe chai, na usimnong'oneze mume wangu. Kesho ana safari."

"Shemeji, mimi nimezungumzia hali ya hewa tu."

"Nasikia vizuri. Ni macho yaliyoharibika, siyo masikio."

Tukanywa chai na mikate ya jibini mama aliyoikunja na kuioka kwa ajili ya safari. Mama akaweka kikombe chini, akaupapasa ukingo wa meza kwanza kama anavyofanya siku hizi, akasema, "Baba Euan. Nisikilize mbele ya shahidi. Kesho Euan anaendesha. Wewe unakaa nyuma, unanishika mkono nikiogopa, na mawe yanabaki bandani. Ni mawe au mimi."

"Nani kasema mawe?" baba akasema. "Mimi nimesema mawe?"

"Umeyasema tangu mwaka tuliofunga ndoa."

"Nimekubali, Avis. Nimekubali! Wattie, si nimekubali?"

Wattie akafuta pua. "Amekubali, shemeji. Mimi nimeona."

Kabla ya kulala nikamalizia gari. Nikaipaki pua ikitazama barabara, nikaacha gia imeingia, breki ya mkono chini, vipande viwili vya mti nyuma ya matairi. Kioo nikakifunika kwa gunia la manyoya, maana hakuna kitu kinachozuia sakitu kama gunia la manyoya. Baba akaja na nusu ya kiazi mbichi, akataka asugue kioo kabla ya gunia. Eti kiazi kinakataza barafu. Nikamwacha asugue. Mtu anachagua vita vyake. Kwenye buti nikapanga koleo, blanketi, gunia la mchanga la kumwaga chini ya matairi, na juu kabisa cheni. Cheni juu kabisa, nikakagua mara mbili, kwa sababu ukizihitaji hutaki kufukua.

Asubuhi nikaamshwa na mlio wa simu sebuleni, ukakatika haraka. Nikadhani hospitali. Nilipofika jikoni, mama anakoroga uji wa shayiri, kavaa koti lake la kanisani.

"Baba yuko wapi?"

"Nje. Anakutolea gunia kwenye kioo. Kaamka na roho nzuri sana." Akakung'uta mwiko. "Nzuri mno."

Nilitakiwa nimsikilize vizuri. Lakini kulikuwa na chai ya kujaza kwenye chupa, na karatasi za hospitali, na saa. Tulipotoka, baba alishawasha gari, kioo safi, moshi mweupe unapanda, na yeye kakaa kiti cha nyuma kimya kama mtoto wa komunyo, kofia yake ya kawaida kichwani. Nikaona mfukoni mwa koti kuna kitu chekundu cha manyoya kinachungulia, nikadhani soksi.

Barabara ya bondeni ilikuwa kavu, sakitu tu pembeni. Tukaenda vizuri. Kwenye madaraja nikapunguza, baba akasema "Vizuri," bila kuongeza kitu. Hilo lilitakiwa linishtue. Baba hasemi "vizuri" peke yake, lazima iwe na mkia. Taa nikaona zinamulika juu kidogo, nikasema labda nimekaa vibaya.

Chini ya kilima, theluji ikaanza. Siyo nyingi, ya usiku, imefunika lami kama unga ulioanguka mezani. Nikasimama.

"Nafunga cheni hapa," nikasema.

"Hapa?" baba akaruka. "Theluji ya kuku hii! Utafunga cheni kwenye hii watu wakucheke? Panda tu. Funga juu ukiona inazidi."

"Hapa ni tambarare, baba. Wewe mwenyewe hufundisha cheni zinafungwa kabla ya shida."

"Leo nimekuruhusu. Usisimame, twende, mama yako atachelewa!"

Tulikuwa na muda wa kutosha, lakini ukimtaja mama kuchelewa, mguu wangu unafanya mambo yake. Nikapanda.

Tukafika katikati. Palepale, nakwambia, pale pa mwaka jana, mtaro upande wa kushoto unatutazama kama ndugu anayetudai. Pua ikapanda, usukani ukawa mwepesi, hauna mtu mwisho wake, matairi ya mbele yakaanza kulia kama nguruwe. Mlio uleule wa nyuma ya banda. Nikajua kabla sijajua. Nikakanyaga breki polepole, gari ikarudi kidogo, ikasimama kwa huruma ya Mungu na kokoto za pembeni.

Mama kashika dashibodi kwa mikono miwili. "Tumeingia?"

"Hatujaingia, mama. Tumesimama."

Nikavuta breki, nikashuka, nikaweka vile vipande vya mti, nilivyokuja navyo chini ya kiti, nyuma ya matairi, nikaenda kufungua buti nichukue cheni. Nikakuta blanketi limetandikwa vizuri, lina vilima. Nikalivuta.

Mawe. Yote manane. Yamekaa wima kwa heshima, mipini juu, yamepangwa kama familia inapigwa picha. Na koleo chini yake. Na mchanga chini yake. Na cheni, zile nilizoweka juu kabisa, chini ya vyote.

Kuna hasira inayokuja na maneno na kuna inayokuja bila. Nililikunja lile blanketi pembe kwa pembe. Baba akawa ameshashuka, kasimama upande wa pili, anatazama milima.

"Wattie alipiga simu," akasema.

"Nimeelewa."

"Ipo, Euan. Barafu ipo. Nene kama Biblia. Njia ya bwawani si ipo ng'ambo ya kilima tu? Nilifikiri mnanishusha njia panda, dakika moja, halafu nyie mnaendelea. Na huku kupanda mawe yanatusaidia..."

"Yametusaidia?"

Akatazama matairi ya mbele, yalivyochimba vishimo viwili vidogo na kuishia hapo. Halafu mtaro.

"Ni mawe, siyo?" Mama kashusha kioo. Hakugeuka. "Euan, niambie. Ni mawe?"

"Ni mawe, mama."

"Struan."

"Avis, mke wangu..."

"Hapana. Usiniite mke wako hapa. Hapa hasa. Mara ya kwanza ulinikuta nimekwama hapa ukanitoa. Tangu hapo kila nikikwama hapa ni wewe uliyenikwamisha. Ulikubali mbele ya Wattie!"

"Nilikubali mawe yabaki bandani. Simu ilikuwa haijapigwa."

Nikaanza kushusha mawe kwa fujo, maana ningebaki nimesimama ningesema kitu. La kwanza nikaweka pembeni kwenye theluji. La pili. Baba akaja kusaidia, "Polepole, usilibamize, hilo la Wattie," na mimi nikasema Wattie na jiwe lake waende wakaogee bwawani, na tukiwa tunavutana mpini wa la tatu, likatuponyoka.

Halikudondoka. Lilikaa chini kwa ustaarabu, likatulia kama linafikiria, likaanza kuteremka.

Nimeona watu wakisukuma mawe bwawani maisha yangu yote. Sijawahi kuona jiwe limesukumwa vizuri vile. Lilishika katikati ya barabara, linazunguka kidogokidogo, mpini ukigeuka kama mkono wa mtu anayeaga, kwa sauti ile ya kunguruma ambayo wazee wanasema ndiyo muziki. Na baba, ninaapa, baba yangu mzazi, na mkewe amekwama, na hospitali inangoja, akainama mikono magotini akapiga kelele:

"Fagia! Fagia! Fagiaaa!"

"Kuna nini huko?" mama akauliza.

"Baba anacheza, mama."

Chini kwenye kona ikatokea pikapu ya Wattie, cheni kwenye matairi yote manne, inapanda kuelekea bwawani, Meg nyuma anabweka. Wattie akaliona jiwe. Akasimama, akafungua mlango, akatoa kichwa, na badala ya kukimbia akalitazama linakuja, akiinamisha shingo. Jiwe likapunguza mwendo, likageuka kidogo kushoto, likaingia mtaroni. Mtaro uleule.

"Fupi!" Wattie akaita. "Umelisukuma fupi, Struan, halijanifikia!"

Nilitaka kukaa chini nilie.

Lakini baba alijinyoosha. Alimtazama mama, ambaye alikuwa ametoa kichwa nje ya kioo akitafuta sauti zilikotoka, anakazia macho upande usiokuwa na mtu. Alikuwa anatazama jiwe la maili la kando ya barabara, anadhani ni sisi.

Baba akauona huo mtazamo. Sijui kama alikuwa hajawahi kuuona, au alikuwa hajataka. Akafukua cheni mwenyewe. Akapiga magoti kwenye theluji mbele ya gari, gurudumu la mbele, la kulia, akaitandaza cheni, akapitisha mkono nyuma ya tairi bila glavu, akaanza kufunga.

"Hilo ni la mbele, baba," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Naona," akasema. "Nipe ndoano hiyo. Na ufunge mdomo."

Alifunga cheni za mbele zote mbili, haraka na vizuri, mikono myekundu kama kamba wa kuchemsha. Nikamaliza kushusha mawe yaliyobaki, nikamwaga mchanga. Gari ikakaa sawa kwa mara ya kwanza toka Juni. Wattie akafika, akashuka na jiwe la mtaroni kifuani kama amebeba mtoto mchanga.

"Shemeji, habari za asubuhi."

"Mbaya, Wattie. Na wewe ndiye shahidi wangu."

"Mimi niliona alipokubali tu. Mengine sikuona."

Baba akajipangusa magoti. Akaja dirishani kwa mama. "Haya, Avis. Mawe Wattie atayachukua. Mimi nitakaa nyuma kama tulivyosema. Nikushike mkono."

Akafungua mlango wa nyuma. Aliufungua kweli, niseme ukweli, na mguu mmoja aliuingiza. Mama akanyoosha mkono nyuma, akapapasa koti la baba, akafika mfukoni, akavuta kile kitu chekundu. Haikuwa soksi. Kofia yake ya mchezo, ile ya sufu yenye kishada juu.

"Uliamka nayo mfukoni," mama akasema.

"Niliichukua tu."

"Ukija utakaa Dunedin ukitazama dirisha. Utamuuliza kila nesi kama jua limetoka. Utaniumiza kichwa na jicho litakuwa limefungwa bandeji." Akamrudishia kofia. "Toka kwenye gari yangu, Struan. Uzito wako nyuma hausaidii."

"Avis, nisikilize..."

"Toka. Bwawa hilo likiyeyuka bila wewe nitasikia mpaka nizikwe."

Baba akatoa mguu. Akasimama hajui aweke wapi uso. Halafu, kwa kuwa ni yeye, akaja upande wangu akagonga kioo. "Ukifika juu simama uzikaze tena, zinalegea zikishatembea. Gia ya pili. Usikanyage breki ukishuka. Na ukiona..."

"Baba!"

"Haya."

Nikaachia klachi. Cheni zikauma theluji, krr, krr, krr, na Corolla ikapanda kile kilima kama imetumwa dukani. Mama hakushika dashibodi. Alikuwa na mikate ya jibini mapajani na midomo kaibana.

Juu nikasimama kama nilivyoambiwa, nikazikaza cheni. Zilikuwa zimelegea kweli, na hilo nalo lilinikera. Mteremko wa ng'ambo ulishamwagwa kokoto, mweusi mpaka chini. Nikiwa bado nimeinama, pikapu ya Wattie ikatupita, mawe yamepangwa nyuma na Meg kayakalia. Baba kiti cha mbele, kofia nyekundu kichwani, kishada kinarukaruka. Wakapinda kulia njia ya bwawani.

"Wamepita?" mama akauliza.

"Wamepita."

"Amegeuka kututazama?"

Nikatazama. Baba alikuwa ameshusha kioo, mkono mmoja nje, kidole chini, anamwonyesha Wattie kitu, mdomo wazi.

"Anabishana na Wattie," nikasema. "Nadhani kuhusu cheni. Anaonyesha matairi ya nyuma."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Panda, Euan, twende," akasema, na ile kofia nyekundu ikapotea nyuma ya miti.